Leta haikuondoka, ilibadili kazi

(Maneno ya ndugu yetu mmoja mbele ya wanaharakati na wageni, hapa Kimanga, Uvira. Tumeyaacha jinsi yalivyosemwa, tumenyoosha tu fasi kidogo.)

Asanteni kukaa kwenye viti vya kuazima, na ninyi mlioko nyuma asanteni kukaa kwenye matofali.

Nimeombwa niseme juu ya neno kubwa: uliberali mamboleo. Kwa Kifaransa linajaza mdomo, na kwa Kiswahili nalo halisaidii sana. Asubuhi mama aliniuliza, "Unaenda kusema nini huko?" Nikamwambia. Akasema, "Na hiyo ndiyo itatuletea maji?" Nikanyamaza. Nitajaribu kumjibu hapa, juu nyumbani sikuwa na jibu.

Basi tuanze na maji.

Kazi ya bidoni mnaijua. Robine ikikauka, kesho yake watoto wanashuka ziwani au wanapanda Mulongwe, na mama anaamka saa kumi ya usiku. Hiyo sina haja ya kuwaeleza. Kile wengi wetu hatujui ni kwamba kuko watafiti waliokaa wakahesabu. Walichukua miaka kutoka 2009 mpaka 2014, wakaweka vitu viwili pembeni kwa pembeni: maji yaliyotoka kila siku kwenye mitambo ya Regideso hapa Uvira, na watu walioingia hospitali kwa kudhaniwa wana kolera. Wakatoa matokeo mwaka 2015. Yanasema hivi: siku ambayo maji hayakutoka kabisa, ndani ya siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Na karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne, ugonjwa wake ulitokana na robine kukauka.

Sikilizeni tena hiyo. Tangu tuko watoto tunafundishwa kwamba kolera ni uchafu wetu. Nawa mikono, chemsha maji, funika chakula. Ni kweli, tunawe, tuchemshe. Lakini mtu anachemshaje maji yasiyokuwepo, na makala inauzwa bei hii? Kumbe kuko kolera inayotoka kwenye pompi iliyosimama.

Na pompi inasimama juu ya nini? Mara nyingi juu umeme umekatika. Mara nyingine mvua imenyesha, mto umeleta udongo, maji hayawezi kusafishwa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ilibeba nyumba na watu, kila mmoja hapa anakumbuka alikuwa wapi. Lakini siku ya kawaida, bila mafuriko, bila vita, ni umeme tu. Ruzizi II inageuza maji ya ule mto tangu 1989, mali ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Tunaishi karibu na mto unaotoa umeme na juu ya ziwa ambalo ni kati ya maziwa yenye maji mengi kuliko yote duniani, na tunapanga foleni na bidoni.

Hapo ndipo kila mtu anasema ile sentensi. Ukisema shimo barabarani, ukisema maji, ukisema mwalimu, jibu ni moja: "Leta haiko." Leta imekufa. Mimi pia nilikuwa naisema. Leo nimekuja kuipinga.

Angalia simu yako. Kutoka Septemba 2020 inite zilikuwa zinapotea ndani ya simu. Unanunua, unaweka, unakuta zimepungua. Ilikuwa RAM, ile takisi ya kuandikisha simu. Kwa simu ya 3G au 4G ilikuwa dola 7 kwa mwaka. Hakuna ajenti aliyekuja kugonga mlango. Leta iliyoshindwa miaka na miaka kufikisha maji Kimanga iliweza kuingia ndani ya simu ya kila mtu, kwa wakati mmoja, mpaka vijiji vya Hauts-Plateaux, na kuchota. Tulipiga kelele nchi nzima, vijana, wabunge, makanisa, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. Sasa niambieni: hiyo ni leta iliyokufa? Mfu gani ana mikono mirefu hivyo?

Leta haikuondoka. Ilibadili kazi. Iliacha kazi ya kutoa, ikabaki na kazi ya kukamata na ya kuruhusu. Na haikubadili peke yake. Ilifundishwa, ilisukumwa, na wakubwa wetu walikuta somo ni tamu.

Nieleze kidogo somo lilitoka wapi, sitachukua muda. Ni wazo la kwamba soko linajua kugawa vitu kuliko serikali. Kwa hiyo uza mashirika ya serikali, punguza matumizi, fungua mipaka ya biashara, na kila mtu ajitafutie. Wataalamu wake walikuwa watu kama Hayek na Friedman. Nchi ya kwanza kupata dawa hiyo kwa nguvu ni Chile, baada ya jeshi la Pinochet kupindua serikali tarehe 11 Septemba 1973. Tazameni hilo: soko huru lilianza na vifaru barabarani. Halafu Thatcher Uingereza mwaka 1979, Reagan Marekani mwaka 1981. Kutoka hapo, nchi maskini yenye deni ilikuwa inakunywa dawa ile ile hata kama ugonjwa ni mwingine.

Sisi tulikuwa na deni. Mwaka ule ule wa 1973, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza zairianizasyo: magazini na mashamba ya wageni yakapewa Wazairi, yaani wakubwa na rafiki zao. Wengi walikula bidhaa mpaka rafu zikabaki tupu. Nasema hivi ili mtu asifikiri nalilia zamani za Mobutu. Halafu bei ya shaba ikaanguka kutoka 1974, na nchi ilikuwa imekopa kama mtu aliyeambiwa mshahara wake hautashuka kamwe. Mwaka 1976 FMI ikaingia na mpango wake.

Fasi hii nataka tukae kidogo. Mwaka 1978 walileta Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, wakamweka ndani ya Benki ya Zaire asimamie makuta. Aliondoka mwaka uliofuata. Mwaka 1982 aliandika ripoti, akasema wazi kwamba wakopeshaji wasitegemee kurudishiwa pesa zao kwa sababu ya wizi wa wale wa juu. Aliyesema ni mtu wao wenyewe. Na baada ya ripoti ile walifanya nini? Waliendelea kukopesha. Mobutu alikuwa rafiki yao katika vita baridi. Septemba 1983 zaire ikapunguzwa thamani kwa zaidi ya robo tatu. Mzee aliyekuwa na akiba nyumbani aliamka akiwa na kipande.

Tuko na ndugu zetu wanaosema: afadhali leta ipungue, juu leta ni mwizi, ukiipa kidogo inakula kidogo, ukiipa mingi inakula mingi. Nawaelewa, na sisemi wamekosa kabisa. Lakini Blumenthal anatuonyesha kwamba mwizi na mpango wa kubana matumizi waliishi nyumba moja. Ulipofika wakati wa kukata, haikukatwa ikulu. Walikatwa walimu, wauguzi na barabara, juu mwalimu wa Uvira hana namba ya simu ya mtu wa Kinshasa.

Matokeo yake tuliyasoma sisi wenyewe, darasani. Kutoka karibu 1992, mishahara ya walimu ilipokuwa haina maana tena, wazazi wakaanza kuchanga kumlipa mwalimu. Ikaitwa primu. Ilikuwa ya muda. Hiyo "ya muda" ilidumu zaidi ya miaka 25! Katiba ya 2006, kipengele cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za leta ni ya lazima na ni ya bure. Mimi nilianza masomo wakati katiba hiyo imeshaandikwa, na nilifukuzwa kwa primu. Mko wangapi hapa mliofukuzwa kwa primu? Shusheni mikono, tumeona.

Mama yangu aliuza ndagala akalipa primu. Na haikuishia kwa mwalimu: kwenye shule nyingi za nchi hii sehemu ya pesa ya wazazi ilikuwa inapanda juu, ofisi kwa ofisi. Ukitaka kujua leta inayobadili kazi, ni hiyo. Mzazi analipa mwalimu ambaye leta ilipaswa kumlipa, halafu leta inakuja kuchukua fungu ndani ya ile pesa.

Mwaka 2010, tarehe 1 Julai, Benki ya Dunia na FMI wakasema Kongo imefika mwisho wa njia ya kusamehewa deni. Dola bilioni 12.3 zikafutwa. Nilikuwa kwenye shule ya msingi. Radio ilisema sana juu ya hiyo. Septemba yake mama alilipa primu kama kawaida.

Masomo ya bure yalianza kweli Septemba 2019. Ni jambo kubwa na tulipiganie lisirudi nyuma, hata na madarasa yaliyojaa mpaka mtoto anaandikia magotini. Lakini angalieni mzunguko: mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kuweka dola milioni 800 kusaidia masomo hayo. Miaka ile tuliambiwa kulipia masomo ni kushirikisha wazazi katika gharama. Sasa tunapewa pesa ya kurekebisha kile tulichoshauriwa kukibomoa.

Thatcher alisema mwaka 1987 kwamba hakuna kitu kinachoitwa jamii, kuko watu mmoja mmoja na familia zao. Watu wa kwao walikasirika. Huku kwetu hakuna aliyesema neno hilo kwa sauti, lakini ndivyo tunavyoendeshwa. Leta ilishusha mzigo, soko halikuupokea, juu soko haliokoti mzigo usiolipa. Aliyeupokea ni familia. Na ndani ya familia, tuseme ukweli, ni wamama. Mwanamke mmoja ni idara ya maji, ni wizara ya masomo, ni kasha la bima la wagonjwa. Kazi hiyo haiandikwi kwenye hesabu yoyote ya Kinshasa wala ya Washington. Wakisema uchumi umekua kwa asilimia fulani, saa kumi ya usiku ya foleni ya maji haimo.

Nirudi kwenye maji, sikusahau. Regideso iliundwa 1939, wakati wa Wabelgiji, na ilikuwa shirika la leta. Tarehe 7 Julai 2008 sheria nne zilitoka juu ya kugeuza mashirika ya leta. Regideso, SNEL, SNCC na mengine yakawa kampuni za biashara. Ile ya maji bado ni ya leta, mwenye hisa ni leta, lakini inatakiwa kuhesabu kama duka. Ikaja sheria ya umeme mwaka 2014, ikaja sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, zote mbili zikifungua mlango kwa watu binafsi. Sisemi kila mtu binafsi ni mbaya. Nasema hivi: duka linapeleka bidhaa kwa mwenye pesa. Kartie maskini iliyo juu ya kilima, yenye mabomba mabovu na wateja wasiolipa vizuri, kwa hesabu ya duka ni hasara. Kwa hesabu ya kolera, hapo ndipo maji yanapaswa kufika kwanza. Hesabu mbili tofauti. Katiba, kipengele cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa na umeme inahakikishwa. Neno "mteja" halimo mle.

Ndiyo, mabomba mapya yalikuja, nisiwe mtovu wa shukrani. Kuko AFD ya Ufaransa, kuko Umoja wa Ulaya, kuko Fondation Veolia, ambayo ni mkono wa msaada wa kampuni kubwa ya maji ya kule kule Ufaransa. Robine za watu wote zilijengwa na watu wananywa. Lakini bomba likipasuka unamlalamikia nani? Mfadhili hukumchagua. Mbunge anakwambia ni mradi wa wazungu. Mzungu anakwambia ni mali ya Regideso. Kila mmoja anamwonyesha mwingine kwa kidole, maji yanatiririka barabarani.

Na ile Ruzizi III tunayoisikia kila mwaka imepangwa kuwa ubia wa leta na kampuni binafsi. Mashirika ya umeme ya nchi tatu yanaahidi kwa mkataba kununua umeme wa mwekezaji. Sijaipinga, umeme tunautaka. Lakini hebu muone: leta inayosemwa ni dhaifu ina nguvu ya kuahidi kulipa miaka na miaka mbele. Kwa mwekezaji inaweka sahihi. Kwa mama wa Kimanga inasema, subiri kwanza.

Kuhusu utandawazi nitasema kidogo tu, kwa mfano wa sukari. Wazee mnajua Kiliba. Kiwanda cha sukari, mashamba ya miwa kwenye bonde la Ruzizi, nyumba za wafanyakazi, timu ya mpira. Kilisimama 1996, vita ilipoingia. Kiliba haikuuawa na FMI, iliuawa na vita, tusidanganyane. Lakini swali ni la miaka iliyofuata. Katika nchi iliyofungua mlango kwa kila bidhaa, sukari ya wengine ilipita mpaka, ikafika dukani, na Kinshasa hakuna mtu aliyekosa usingizi kwamba miwa ya Kiliba iligeuka majani. Kwa miaka, kufufua kiwanda haikuwa kazi ya mtu yeyote. Mwaka 2022 tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi napenda jambo hilo, Kiswahili chetu kinatoka mpaka Dar. Lakini tunaingia sokoni na nini cha kuuza? Ndagala? Hata ndagala zinapungua, waulizeni wavuvi wa Kalundu.

Kule Katanga mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walitolewa kazini kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wakauita "kuondoka kwa hiari". Mwaka mmoja kabla ilikuwa imetoka sheria ya madini ya 2002, iliyoandikwa kwa msaada wa Benki hiyo hiyo, kuvutia wawekezaji. Wawekezaji walikuja kweli. Watoto wa wale waliotoka "kwa hiari", wengine wanachimba kwa mikono.

Sasa nifike kwetu sisi vijana, juu hapa ndipo panaponiuma.

Niko na diplome. Nilisoma miaka mitano, sina kazi, siyo siri. Kila Jumapili, kila semina, kila tangazo kwenye WhatsApp linaniambia: "Kijana, acha kungoja leta, jiajiri." Nilienda kwenye semina moja ya ujasiriamali, siku tatu. Tulikuwa watu makumi nne. Tulifundishwa kutengeneza sabuni. Tukapewa cheti, tukapewa fanta, tukapiga picha. Mimi niliuliza swali moja: sisi makumi nne tukirudi kartie moja na kuanza sabuni, nani atanunua? Mwalimu akasema nina mawazo hasi. Labda. Lakini mpaka leo sijaona katika sisi makumi nne mtu mwenye kuishi kwa sabuni. Na sabuni inahitaji maji, wandugu.

Sisemi mtu asifanye biashara. Dada zetu wanauza, kaka zetu wanaendesha pikipiki, tunawaheshimu, ndio wanaotulisha. Nasema neno "jiajiri" limegeuzwa kuwa dawa ya kufunga midomo. Ukikosa kazi, kosa ni lako: hukuwa mbunifu, huna maono, hukuamka mapema. Miaka makumi nne ya maamuzi, ya madeni, ya sheria, inageuka kuwa uvivu wa mtoto mmoja wa Kimanga. Wengine wetu tunaamini. Kuko rafiki yangu tuliyemaliza naye, mtu wa akili nyingi, hatoki tena nyumbani mchana juu anaona haya kuulizwa "unafanya nini siku hizi". Haya ile si yake. Kuko watu walipaswa kuiona na hawaioni.

Na hata katika harakati yetu wazo hili limeingia. Mmesikia pendekezo la mwezi huu: tuache kudai, tutafute mfadhili, tuwe asosiasyo ya miradi. Nawaheshimu walioleta. Wamechoka kukamatwa, wamechoka kukaa kashoni bila mtu kuwaletea chakula. Lakini tukifanya hivyo tutakuwa robine nyingine isiyojulikana ni ya nani. Miradi iko mingi mjini hapa. Watu wa kuuliza maswali ndio wachache.

Nimalizie na mambo mawili ya kufanya.

La kwanza. Kabla ya kuja hapa nilimwomba mama ile sashe yake ya karatasi. Kila mama wa sokoni anayo. Nikazimwaga mezani. Kuko vijikaratasi vya takisi ya soko ya kila siku, kuko karatasi ya usafi, kuko ya kibali, kuko zingine zenye muhuri usiosomeka, na kuko malipo ambayo hayana karatasi kabisa, mama anayakumbuka tu kwa kichwa. Hakuna hata moja inayosema pesa inaenda kufanya nini. Ya usafi analipa, na takataka anazichoma mwenyewe. Nilikaa na kalamu mpaka taa ikazima. Mama anatoa sana kwa leta ambayo tunasema haiko. Naomba kila mmoja afanye hivyo nyumbani kwao, mwezi mmoja: daftari, tarehe, kiasi, nani amechukua, kuko karatasi au hakuna. Msiandike majina ya wamama, tusiwaletee matatizo. Tukiwa na daftari 50 tutaenda ofisini nazo tuulize kwa adabu: hii imefanya nini? Watatukatalia mara ya kwanza, najua.

La pili ni bomba. Kamati ya avenii yetu inataka watu wachange kununua bomba na kuchimba mtaro, ili tuunganishwe, na wametuomba sisi vijana tukusanye pesa na tuchimbe. Wengine mnasema tukatae, juu ni kazi ya leta. Wengine mnasema tuchimbe haraka, wamama wanateseka. Mimi nasema tuchimbe. Siwezi kumwambia mama abebe bidoni mwaka mwingine juu mimi nimesoma kitabu. Lakini kabla jembe halijagusa ardhi tunataka karatasi yenye sahihi: bomba ni la nani baada ya kuunganishwa, mchango wetu utapunguzwa kwenye bili au hapana, likipasuka nani analitengeneza na kwa siku ngapi, na mzee asiyeweza kuchanga atachota au hatachota. Bila hiyo tutakuwa wafanyakazi wa bure wa leta, halafu tunarudi nyumbani kupokea bili ya bomba letu wenyewe.

Barua nimeshaandika, ukurasa mmoja na nusu. Itasomwa Jumamosi saa tatu, hapa hapa, tuisahihishe pamoja. Njooni na daftari zenu hata kama zina siku mbili tu. Na aliye na mtu wa fotokopi wa bei ndogo aniambie kabla hatujatawanyika, pia viti vya watu virudi leo, tafadhali.